Maelezo Kuhusu Redio Iliyorusha kwa Dakika Arobaini na Moja

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa kwenye ukurasa wa ndani wa jalada
Umri: miaka 18
Kazi: nimemaliza sekondari, nasubiri matokeo, najitolea katika kikundi cha redio za ridhaa
Makazi: ghorofa ya pili, jengo la nyuma ya duka la Fundi Redio, naishi na mama
Yameandikwa: tarehe 13, kuanzia saa nne na robo asubuhi

Kabla ya kitu kingine chochote naomba iandikwe kwamba aliyepitisha badiliko kwenye programu ya kituo chetu cha redio, asubuhi ya tarehe 9, si Fundi Redio. Ni mimi. Akaunti iliyotumika ni yake lakini vidole vilikuwa vyangu. Sijamwambia mtu yeyote. Hata mama anadhani nimekwenda kuulizia fomu za chuo.

Hapo Afande aliacha kuandika. Aliniambia nilikuja kama shahidi, lakini nikiendelea hivi maneno yangu yanaweza kutumika dhidi yangu, na kwamba si lazima niseme. Nilimjibu kwamba nimeelewa na naomba niendelee, kwa sababu nikinyamaza sasa sitaweza kuanza tena.

Kikundi chetu kina watu kumi na wawili, na wengi wao sijawahi kuwaona uso kwa uso. Tunaandika programu huria, yaani programu ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuisoma, kuitumia na kuirekebisha, kwa ajili ya kuwasiliana na setilaiti ndogo. Moja tuliitengeneza sisi wenyewe pamoja na vikundi vingine vya kujitolea. Ukubwa wake ni kama mkate mmoja. Inapita juu yetu mara kadhaa kwa siku, na kila ikipita tunaipata kwa dakika kumi hivi, basi. Kituo chenyewe kiko juu ya paa la duka la Fundi Redio. Kuna antena inayozungushwa na mota ili iifuate setilaiti, na redio ya kurushia iko ndani ya sanduku la bati. Leseni ni ya Fundi. Mimi bado sina. Mtihani wa leseni nilikuwa niufanye mwezi ujao.

Sheria yetu kubwa ni kwamba hakuna anayepitisha kazi yake mwenyewe. Ukiandika badiliko unalituma kwa wenzako, mmoja wao analikagua mstari kwa mstari, na ni yeye anayelipitisha liingie kwenye mtambo. Fundi ndiye aliyeanzisha kikundi, lakini hata yeye kazi yake hukaguliwa. Siku moja mwanachama tunayemwita Bwana Kanuni alimrudishia kazi mara tatu, Fundi akacheka mpaka akakohoa. Alisema, "Huyu bwana angemkagua hata mama yake mzazi."

Mimi kazi yangu ya kwanza Bwana Kanuni aliirudisha na masahihisho ishirini na matatu. Kwenye mstari wa tisa aliandika, "Binti, hapa ulikuwa unaota." Wengine wakaweka alama za kucheka. Hakuwa na ubaya, na masahihisho yote yalikuwa ya kweli, nayakumbuka mpaka leo. Lakini sikutuma tena kitu kwa miezi miwili. Kwenye kikundi wananiita Kimya.

Mnamo tarehe 8, saa kumi na moja jioni, Bwana Kanuni aliandika kwenye ukurasa wa kikundi kwamba betri ya setilaiti inakata roho. Ilibidi tuitumie amri ndefu ya kuzima kamera na kipasha joto chake. Amri hiyo ilihitaji dakika nane. Redio yetu ilikuwa na kikomo: ikirusha kwa dakika tatu mfululizo, inajizima. Kwa hiyo amri ilikuwa inakatikia njiani kila mara. Aliandika, "Jamani, tukiikosa kesho alasiri, tutafute mahali pa kukaa matanga."

Usiku huo sikuandika chochote kwenye ukurasa, lakini suluhisho nilishaliona. Nililala nalo.

Mnamo tarehe 9, saa mbili kamili asubuhi, Fundi aliniachia ufunguo wa duka. Alikuwa anampeleka mke wake, ambaye namwita Bibi, kliniki ya macho. Bibi alisema, "Mwanangu, mtu akileta redio mwambie Fundi amekwenda kunisomea ubao wa herufi, mimi siuoni." Fundi akasema, "Na wewe kompyuta hiyo ni yako kama ilivyo yangu." Akaunti yake huwa iko wazi muda wote. Husahau neno la siri, ameliandika kwenye karatasi na kulibandika pembeni ya kioo.

Nilikaa nikafanya badiliko. Nilifuta kikomo cha dakika tatu. Mahali pake niliweka amri nyingine: antena ikiifuata setilaiti mpaka ikashuka chini kabisa, zima redio. Niliona ni akili sana. Setilaiti ikitua upeoni, kama jua linavyotua, antena itakuwa imeshuka, na antena ikishuka hakuna tena wa kurushiwa.

Nilituma badiliko kwa jina langu. Kisha nilikaa nikiangalia kitufe cha kuomba mkaguzi. Bwana Kanuni alikuwa macho, taa yake ya kijani ilikuwa inawaka. Nilitakiwa kuandika maneno mawili tu: "Naomba unikagulie." Niliyaandika, nikayafuta, nikayaandika tena. Niliwaza mstari wa tisa. Saa mbili na dakika hamsini na mbili nilihamia kwenye akaunti ya Fundi, nikabonyeza "nimekagua", nikabonyeza "pitisha". Afande ameniuliza kama nilidhamiria kumdanganya mtu. Nimejibu kwamba nilidhamiria kutochekwa.

Saa tano Fundi na Bibi walirudi. Sikumwambia. Aliona kwenye kompyuta kwamba kuna badiliko limepita, akaniuliza, "Nani kalikagua?" Nikasema limekaguliwa. Alikuwa anamtilia Bibi dawa ya macho, hakuuliza zaidi. Nilikwenda nyumbani.

Saa tisa na dakika kumi na nne alasiri setilaiti ilichomoza. Mtambo ulianza kurusha wenyewe, kama ulivyopangwa. Mimi nilikuwa jikoni kwetu naangalia kwenye simu. Saa tisa na dakika ishirini na mbili amri ilimalizika na setilaiti ikajibu kwamba imeipokea. Wenzangu wote wakapiga kelele za maandishi. Bwana Kanuni aliandika, "Aliyerekebisha hii abusiwe kwenye paji la uso!" Nilicheka peke yangu. Hiyo furaha naionea aibu kuliko vyote.

Saa tisa na dakika ishirini na nne setilaiti ilitua. Taa nyekundu ya kurusha kwenye ukurasa wa kituo haikuzimika.

Nilichokuja kujua baadaye ni kwamba shuka la jirani lilichomoka kwenye kamba ya kuanikia, upepo ukalizungushia antena, na mota ikakwama karibu na mwisho wa mzunguko. Programu yangu ilikuwa inangoja antena ifike chini. Antena haikufika chini. Kwa hiyo redio iliendelea kurusha bila kumrushia mtu. Kwenye jengo la jirani ndiko uliko mlingoti wa mawasiliano ya zimamoto, hatua kama thelathini kutoka kwetu. Kwa maelezo niliyopewa, mtambo wao wa kupokea ulizibwa na nguvu ya redio yetu, kama mtu anayepigiwa kelele sikioni asimsikie wa mbali. Alasiri ile walikuwa wanazima moto kwenye ghala la magodoro.

Naulizwa kama niliiona taa. Niliiona. Nilijiambia labda ukurasa umeganda. Saa tisa na nusu ilikuwa bado inawaka. Ufunguo wa duka nilikuwa nimesharudisha, kwa hiyo njia ilikuwa moja, kumpigia Fundi simu na kumwambia, panda juu uchomoe waya, na angeuliza kwa nini. Nilishika simu. Nilikuwa na namba yake mbele yangu kwa muda ambao siwezi kuutaja kwa uhakika, lakini maji niliyokuwa nimeyainjika yalichemka mpaka yakakaukia sufuriani. Sikupiga.

Saa tisa na dakika arobaini na mbili kiongozi wa zimamoto aliwaamuru watu wake kwa redio watoke kwa sababu paa lilikuwa linalegea. Watatu walimsikia kwa sababu walikuwa karibu naye. Wa nne alikuwa upande wa nyuma, amri haikumfikia. Paa lilimwangukia. Amevunjika nyonga na mguu wa kushoto.

Saa kumi kasoro dakika tano Fundi alirudi kutoka kupeleka redio ya mteja, akasikia feni ya mtambo inanguruma, akapanda paani na kuchomoa waya. Aliandika kwenye ukurasa, "Nani alikuwa kwenye mtambo?" Wote walisema si wao. Mimi niliandika, "Sijui Fundi, labda umeme." Maneno hayo bado yapo, Afande ameonyeshwa.

Kituo chetu hakikuwa kigumu kukipata. Sheria inataka redio ijitaje kila baada ya dakika kumi, nayo ilikuwa inajitaja, kwa jina la leseni ya Fundi, mara nne. Mnamo tarehe 10, saa tatu asubuhi, askari wawili walikuja dukani wakamchukua. Mimi nilikuwa dirishani kwetu juu. Aliwaomba wamngoje afunge duka, akawauliza kama anaruhusiwa kubeba miwani.

Mnamo tarehe 11, saa nane mchana, nilikwenda hospitali. Nilifika mpaka mlango wa wodi. Yule zimamoto alikuwa amelala mguu umening'inizwa, mkewe anamkata kucha za mikono. Muuguzi aliniuliza, "Wewe ni nani wake?" Nikasema nimepotea njia.

Afande ameniuliza swali ambalo sikutaka kulisikia. Amesema Fundi Redio ameandika maelezo na kukiri kwamba alikagua badiliko lile na kulipitisha yeye mwenyewe. Amesema, "Sasa nimwamini nani, binti? Mtu mzima mwenye leseni, au wewe unayempenda kama babu yako?" Nimemjibu kwamba apeleke mtu kliniki ya macho. Kadi ya Bibi imegongwa muhuri saa mbili na dakika arobaini, na Fundi ndiye aliyetia sahihi kama msindikizaji. Hakuweza kuwa kwenye kompyuta dakika kumi na mbili baadaye. Kliniki iko mwendo wa nusu saa.

Akaniuliza, "Basi kwa nini mzee aseme hivyo?" Niliomba nisilijibu hilo. Akasema bila jibu la hilo maelezo yangu yataonekana ya kupangwa, na mzee atabaki ndani. Kwa hiyo najibu.

Mnamo tarehe 12, saa kumi jioni, mimi na Bibi tulimpelekea dawa za shinikizo la damu na shati safi hapa kituoni. Fundi alikuwa anatabasamu. Bibi akamwambia, "Unacheka nini, mzee mzima, humu ni harusini?" Akajibu, "Nimepumzika kelele zako siku mbili, nisicheke?" Bibi alipokwenda mezani kusaini dawa, Fundi alisogea kwenye nondo. Alisema polepole, "Saa mbili na hamsini na mbili mimi nilikuwa nasoma herufi kubwa kwenye ubao. Kwa hiyo tunajua, mimi na wewe."

Nilitaka kusema. Akanizuia kwa mkono. "Mimi watachukua leseni, watanifunga kidogo, nitatoka nikauze betri. Wewe ndiyo kwanza unaanza. Kosa langu lipo: ile karatasi niliibandika mwenyewe. Nishasema ni mimi, imekwisha. Usinitie aibu kwa kunifanya mwongo."

Bibi alirudi akasema, "Mnanong'ona nini?" Fundi akasema, "Namfundisha kutengeneza chai, yako imenishinda."

Jana usiku sikulala. Yule mtu hospitalini mguu wake hautaunga haraka kwa sababu mimi nimesema ukweli, hilo najua. Lakini Fundi hakufanya kitu, na yuko ndani.

Niliyoyaona na niliyoyafanya ni hayo, na nimeyasema bila kulazimishwa. Ninalo ombi moja kwa Afande na kwa yeyote atakayefungua jalada hili baada yake. Badiliko nililipitisha mimi, hilo lisomwe mahakamani, lisomwe kwenye kikundi, mama aambiwe. Lakini kwamba Fundi alijua, na akasema uongo mbele yenu kwa ajili yangu, hilo nimelisema kwa sababu nimeulizwa. Nawaomba msimwambie mtu. Tafadhali libaki humu.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

Maelezo ya ofisa: Nimemsomea shahidi maelezo yake kwa sauti, akasahihisha dakika zilizotajwa mahali pawili. Aliuliza kama sehemu ya mazungumzo ya tarehe 12 inaweza kuondolewa. Nilimweleza kwamba kilichokwisha kuandikwa hakiondolewi, na kwamba bila sehemu hiyo sina sababu ya kumwachia mzee kwa shitaka la kwanza, la kupitisha badiliko. Na nikiwa nayo, nitalazimika kumhoji upya kwa kutoa maelezo ya uongo. Aliuliza lipi kati ya hayo mawili lina kifungo kifupi. Nilimjibu kwamba ni la maelezo ya uongo. Alitia sahihi saa sita na dakika tano mchana.