Goita Yangu na Sindano ya Spiriti

Jumatatu, 1 Agosti 1994
Majibu yametoka. Siyo saratani, alhamdulillahi. Daktari mgeni anasema goita yangu ni kifuko cha maji tu — hakuna haja ya kisu. Atayanyonya kwa sindano, kisha atatia spiriti kidogo ndani ili kifuko kinywee, maji yasirudi. Miaka saba nimejifunga skafu shingoni, jua kali hivyo hivyo. Wateja wangu wa mitumba wakadhani ni fasheni. Nimewauzia skafu nyingi kweli.

Jumanne, 2 Agosti
Kosa langu. Nimemwambia kaka Abdulhamidi. Katika yote niliyomweleza, alilosikia ni spiriti. Hiyo ni pombe, kasema. Nikamwambia haipiti mdomoni. Akasema shingo ni jirani ya mdomo. Kaenda kwa shehe.

Jumatano, 3 Agosti
Shehe kasema dawa ni dawa. Kaka hakutosheka. Atakuwepo mwenyewe, ahakikishe hawazidishi.

Alhamisi, 4 Agosti
Nimelazwa chali, mto chini ya mabega. Nimekatazwa kumeza mate, nimekatazwa kuongea. Ganzi, halafu sindano. Maji yakatoka rangi ya kahawa, bomba zima la sindano! Kaka kasimama pembeni anasoma namba kwenye bomba la spiriti. Mara kishindo — kaka yuko sakafuni. Nesi akamkimbilia. Na mimi sindano imo shingoni, cheko limenijaa, machozi yananitoka. Daktari akadhani ni maumivu, akanipa pole. Spiriti yenyewe iliniunguza mpaka sikioni. Lakini nimetoka kwa miguu yangu. Kaka katolewa kwa kiti cha magurudumu.

Ijumaa, 5 Agosti
Imenywea! Nimejitazama kwenye kioo mpaka chai ikapoa. Ila sauti imenikauka, nakwaruza kama redio iliyoishiwa betri. Daktari kasema itarudi baada ya siku chache, ninyamaze kwanza. Sokoni nimeuza kwa vidole. Mama mmoja kajipangia bei mwenyewe, kabeba gauni, kaondoka. Sikuweza kubisha.

Jumapili, 7 Agosti
Shamte kaja. Yule wa biashara ya kuku kutoka Mungaa, aliyekuja kuniposa mwaka juzi nilipotoka eda. Siku ile skafu iliteleza, akaiona goita, akapotea bila kuaga. Leo kaleta majogoo wawili. Wako sebuleni na kaka, mimi niko nyuma ya pazia na daftari.

Shamte anasema hajaacha kuniwaza. Kaka anamsimulia alivyonisimamia hospitali mpaka mwisho. Ya sakafuni hayataji.

Sasa Shamte anauliza jibu langu.

"Dada yangu Anifa nimemwambia posa yako tangu asubuhi," kaka anasema, "naye kanyamaza. Mwanamke akinyamaza ameridhika."

Nimenyamazishwa na daktari! Tena mimi ni mjane, na mjane hutamka mwenyewe — kaka anayafundisha hayo madrasa kila mwaka. Nimekohoa. Wamedhani ni jogoo.

Wanataja tarehe. Ijumaa ijayo, kaka anasema, kwa nini tuchelewe.

Naweka kalamu. Naingia sebuleni niwaambie sitaki, sauti itoke isito—