Mkungu wa Baba

Tatu, sijui niuweke wapi uso wangu. Baba leo kaukumbatia ule mti wa mkungu wa barabarani Chake Chake, mbele ya vijana waliokuja na msumeno. Kaukumbatia, shoga. Watu wanapiga picha.

Narudi nyumbani namkuta Bibi Mwanawema anacheka tu. Ndo kanihadithia.

Mwaka 1959 watu wa mjini walijitolea kupanda miti ya kivuli. Bibi ndo kwanza katoka arubaini ya kumzaa Baba, na kitovu cha mtoto hajakizika. Si unajua, kitovu huzikwa, juu yake hupandwa mnazi, na mnazi ule ni wa mtoto. Lakini wao walipanga chumba, shamba hawana. Akakifunga kitambaani, akaenda kujitolea na wenzake.

Mzee Silima, msimamizi, akamwona anatumbukiza kitu shimoni.
"Unatia nini humo, Mwanawema?"
"Mbolea, mzee."

Mbolea, Tatu.

Mzee akakitazama kile kitambaa, akamtazama na yeye.
"Mbolea ya kiume au ya kike?"
"Ya kiume."
Akashika jembe, akafukia mwenyewe. "Basi mti huu una mwenyewe."

Kila jioni Bibi akaja na ndoo ya maji. Mji mzima ukamsifu kwa moyo wa kujitolea.

Vijana wa msumeno washaondoka. Baba hataki kutoka pale, kaniagiza kiti.

Nimepeleka viwili.