Wimbo wa Waliokula Chumvi

Jumapili, 31 Januari
Kanisani sikwenda. Niende nikatazamwe?

Jana nusu fainali ya mashindano ya kalipso, nyimbo zetu za kanivali. Jua la saa nane, uwanja umefurika. Nikapanda na gauni langu jeupe, nikaanza wimbo wa waliokula chumvi — wale wazee wetu watumwa waliotaka kupaa warudi Afrika, wakashindwa kwa kuwa walishaonja chumvi ya bwana shamba, ikawatia uzito. Wakabaki. Wakakata miwa, wakavumilia, wakatuzaa sisi. Ubeti wa kwanza, kimya. Halafu nikaona karatasi ya chooni inapungwa. Kisha nyingine. Mara uwanja mzima mweupe! Kila mwaka humfanyia hivyo asiyewapendeza. Hata mimi nimewahi kupunga. Wenzangu huimba hadi mwisho. Mimi niliweka maikrofoni chini nikashuka.

Nikashuka! Katikati ya kiitikio kisemacho “Sibanduki”. Na jukwaani naitwa Bibi Thabiti. Mungu wangu.

Mama kauliza iliendaje. Nikamwambia vizuri tu, ila majaji wana watu wao. “Mm,” akasema, akaendelea kutoa miiba kwenye samaki wa chumvi.

Jumatatu, 1 Februari
Sokoni. Sumintra wa mboga, niliyesoma naye, kapaza sauti: “Jamani, mpisheni Bibi Thabiti, ana haraka!” Muuza kaa akadakia: “Mwacheni! Wazee wake walishindwa kuruka, yeye kapaa!” Soko zima kicheko. Na mimi nikacheka. Hilo ndilo linaloniuma — nilicheka nao. Nikarudi na kikapu kitupu.

Jumanne, 2 Februari
Bwana Prescod, meneja wa hema letu la kalipso, ukumbi tunakoimbia kila msimu, kaja mwenyewe nyumbani. Nilidhani anakuja kunifuta. Wapi! Eti simu haipoi, watu wanataka tiketi wamwone “yule aliyekimbia”. Keshokutwa niimbe wimbo uleule, ila uwe kichekesho: bendi iende mbio, nivae mabawa ya kadibodi, na ubeti wa pili ukikaribia nitoroke jukwaani kama siku ile.

“Verlyn, wakikucheka kwa ridhaa yako, umewashinda.”
“Na wazee?”
“Wazee gani?”
“Wa kwenye wimbo.”
“Hao hawanunui tiketi, mwanangu.”

Nikakubali. Upesi mno. Sikuomba hata usiku mmoja wa kufikiri.

Jumatano, 3 Februari
Mazoezi. Mpiga tarumbeta kashindwa kupuliza kwa kucheka. Kumbe nachekesha. Na nilifurahi — aibu juu ya aibu.

Nimefika nyumbani, Mama ananiambia, “Kesho nakuja.” Hajatoka tangu apate kiharusi. Nikamtajia ngazi, joto, makelele.
“Nitabebwa.”
“Lakini Mama, wimbo wenyewe unaujua.”
Kanikazia macho. “Nilikuwa na redio, Verlyn. Nilisikia ulipoacha. Nataka ubeti wa pili. Ule unaomtaja bibi yangu.”

Kwa hiyo alijua tangu Jumamosi. Kaniacha nidanganye hadi nichoke.

Hapo ndipo nilipotakiwa kumwambia habari ya mabawa. Nikamuuliza kama amekunywa dawa.

Alhamisi, 4 Februari
Chumba cha nyuma ya jukwaa. Naandika huku nikingoja zamu yangu. Prescod kachungulia: “Wamejaa hadi mlangoni!” Ananipigia makofi kama farasi wa mashindano.

Mabawa haya yananuka gundi.

Nimefunua pazia kidogo. Mama yuko safu ya mbele, kofia yake ya mazishi kichwani, mkono wake usiopooza umeng'ang'ania kiti. Vijana wanne walimpandisha ngazi. Tangu augue hajui kunong'ona, namsikia mpaka huku. Anamwambia bwana mmoja aliyekaa kando yake:

“Anayefuata ni mwanangu. Kama unataka kucheka, cheka sasa, umalize.”

Bwana wa watu kavua kofia.

Nani kamwambia habari ya mabawa? Au hajaambiwa, anasema tu?

Nimevaa bawa moja. Mkanda wa la pili umejisokota. Aliyenitangulia kamaliza, wanamshangilia. Kiongozi wa bendi kamwona Mama, kageuka huku, ananiuliza kwa vidole: ule wa mbio, au ule wa polepole?

Jina langu limeshatajwa. Wengine wameanza kucheka. Kiongozi bado kaniinulia vidole, anangoja —