Hangova Zangu Nilizipa Maksi

Mama mshauri mpendwa, naomba msaada wako, na tafadhali usome mpaka mwisho kabla hujanitukana. Mimi ni mwalimu wa hesabu, nakaa hapa mtaa wa West Indies, Eldoret, na kila Jumamosi hunywa na walimu wenzangu hadi nibebwe, na kwa vile nimezoea kusahihisha, mwaka huu wa 1986 nilianza kuzipa hangova zangu maksi katika daftari, kichwa kumi, tumbo kumi, mikono kumi, na mikono niliipima kwa kushika kikombe kilichojaa chai na kuangalia ni kiasi gani imemwagika kwenye sosa. Januari nilipata ishirini na saba kwa thelathini, yaani nilikuwa maiti, lakini kufikia Juni nilikuwa nimeshuka hadi nne, nikafurahi nikidhani napona, na Jumapili moja nikaamka mzima, kichwa moja, tumbo sufuri, nikamwita mke wangu Wahu aje aone, naye akaja mkono umefungwa kitambaa, nikamuuliza ameumia wapi, akaniangalia sana, akasema, "Baba Mwihaki, kwani hiyo haiko kwa kitabu yako?" Kumbe nilimsukuma nikiingia nyumbani, akaangukia jiko lenye moto, akaungua mkono, na mimi sikumbuki hata kidogo. Amechukua mtoto wetu akaenda kwa dada yake kule kijiji cha Plateau, hii ni wiki ya tatu, na najuta mpaka chakula hakishuki. Siku hizi nakunywa kidogo tu. Je, nimpelekee daftari aone vile maksi zinashuka, ili arudi?

Mwalimu K.

Mwalimu, nimesoma mpaka mwisho, na nimekutukana mara moja tu. Pole, maana najua aibu uliyomeza ndipo ukaandika, na mficha uchi hazai. Lakini daftari hilo lisifike Plateau. Maksi hazikushuka kwa sababu unapona. Zimeshuka kwa sababu mwili umezoea pombe na umechoka kulalamika. Tena mtihani uliutunga mwenyewe, ukaufanya mwenyewe, ukausahihisha mwenyewe, na maswali yote yalikuwa juu ya maumivu yako. La Wahu hukuweka hata moja. Na hiyo "kidogo tu" unayoniandikia ni kujidanganya, mwalimu mzima.

Kesho omba ruhusa shuleni uende kwa daktari, umwambie unachokunywa bila kupunguza chupa, kwa kuwa aliyezoea hivyo akiacha ghafla bila kuangaliwa anaweza hata kuanguka kifafa. Jumamosi kaa na mwalimu asiyekunywa. Usimfuate Wahu, wala usitume wazee wa kanisa kumbembeleza. Mwandikie mstari mmoja: "Ni mimi niliyekuumiza." Usiongeze kwamba ulikuwa umelewa, na usimuulize atarudi lini. Akijibu, shukuru. Asipojibu, acha pombe vilevile, kwa sababu Mwihaki anakua, na siku moja atauliza mama yake alichomwa na nani.