Gari Tuliloliita Fisi

Ujerumani,
Jumapili mchana.

Kwa baba yangu mpendwa,
Ngokolo, Shinyanga.

Shikamoo baba. Marahaba yako nimeshaipokea huku huku kwenye baridi, maana najua umeitoa kabla sijamaliza kukusalimia. Mama hajambo? Magoti yake yanamruhusu kwenda sokoni? Na mvua je, imewafikia, au bado mnatazama mawingu yanavyowapita juu kwenda kwa Wazinza? Mimi mzima wa mwili. Wa moyo si sana, na sababu yake ndiyo iliyonikalisha niandike.

Barua hii anakuletea dada mmoja wa Kahama ninayefanya naye kazi, anakuja likizo. Nimeandika kwa sababu simu imenishinda. Kila nikigusia habari ya gari na macho yako unapaza sauti, "Haloo! Haloo! Mtandao huu wa Shinyanga!" halafu unakata. Baba, mtandao wa Shinyanga hauna neno. Tukizungumza habari za mpira tunaongea mpaka salio linakwisha. Karatasi haikatiki, kwa hiyo leo utanisikia mpaka mwisho. Ninachotaka ni kimoja: uache kuendesha. Nimelisema mapema usije ukasema nilikuzungusha. Sasa usiikunje barua. Nisikilize.

Jumapili iliyopita nilikuwa natoka kanisani, nikapita kwenye uwanja mmoja wa kuegesha magari. Nikakuta wazee wa huku wamekusanyika na magari yao ya zamani, wamefungua maboneti, wanachunguliana injini kama watu wanaokagua meno ya ng'ombe mnadani. Na pale mwishoni, baba, ilikuwepo Golf. Ile ile. Fupi, mlango wake nyuma, mstari mwekundu umezunguka pua. Nilisimama nikasahau baridi. Mwenyewe aliniona nimeganda, akanifungulia mlango nikae. Nikashika usukani, nikanusa viti. Vilinukia sabuni tu, havikunukia grisi wala michembe ya viazi, nikaanza kulia. Yule mzee akadhani amenikosea, akawa ananiomba radhi, na mimi Kijerumani chote kikanitoka, nikabaki nasema "baba, baba." Sijui alielewa nini.

Unakumbuka siku ulipoileta ya kwetu? Uliinunua kwa yule mhandisi wa kigeni aliyekuwa anamaliza mkataba wake mgodini. Mama alinuna wiki nzima. Alisema mtu mwenye akili zake ananunua pikapu ya kubebea vyuma, wewe umeleta kibanda cha sungura. Ukamjibu, "Mama Kabula, fundi wa karasha anaitwa mashine ikishakufa. Akichelewa, watu wanakaa na mawe yao njaa inawauma." Nilikuwa mdogo, na hapo ndipo nilipoielewa kazi yako, kwamba unafufua zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu kule machimbo ya Kharumwa. Lakini hata mimi nilijua pikapu nayo ingefika. Uliipenda tu ile Golf, basi. Ulikuwa ukirudi unaizima, halafu unabaki umekaa ndani, mikono juu ya usukani, mpaka mama anatuma mtu akuite ule.

Ilipokosa vipuri ikafa, tukaifunika turubai nyuma ya nyumba, kuku wakataga ndani yake. Uliishi kama mfiwa. Ndipo ukaja na Starlet nyeupe yenye tabo, kile kidude kinachoipulizia injini hewa mpaka inapiga mluzi. Watu wa Kharumwa walikuwa wakisikia umekunywa chai Ngokolo, kabla jua halijachoma umeshafika kwao, mikono imejaa grisi. Wakasema, "Huyu hakuja na gari, kaja na fisi." Kila Msukuma anajua anayepanda fisi usiku ni mchawi. Mama aliuchukia utani ule, alisema kwetu watu wamekufa kwa maneno madogo kuliko hayo. Wewe ukacheka mpaka ukashika ukuta, na gari likaitwa Fisi tangu siku ile.

Na Fisi ndiye aliyenifundisha. Unakumbuka barabara ya Ibadakuli, asubuhi za Jumamosi? Ulifunika dashibodi yote kwa kitambaa cha kufutia vioo nisione mshale wowote. "Sikiliza, ng'wanone, mwanangu. Mashine inasema yenyewe inataka gia gani." Nikasikiliza. Siku niliyobadili gia tatu mfululizo bila kukwaruza, ulitazama nje dirishani kana kwamba hukusikia kitu, lakini niliona shavu lako linacheka. Masanja naye ulimjaribu mara moja tu, akaizimisha njiani, ukamwambia ana mguu wa kukanyagia tope la mpunga. Mdogo wangu hajasahau. Sasa anaendesha lori la pamba mpaka Mwanza, na bado humpi ufunguo wa Starlet.

Baba, nataka nikukumbushe na siku ile duara, lile shimo la dhahabu, lilipotitia, nisije nikaonekana nimesahau gari lile ni nini kwako. Nilikuwa likizo, nimekufuata Kharumwa. Shimo lilibomoka, wakamtoa kijana mmoja yu hai lakini kiuno kimevunjika. Pikapu ya mwenye duara ilikuwa imekwenda kuchota maji. Ulilaza viti vya nyuma, wakamwingiza kwa mlango wa nyuma juu ya mikanda yako ya karasha, na mimi nikakaa nimekishika kichwa chake. Sijawahi kuona mtu akiendesha vile, wala sitaona. Kijiji cha Solwa nilikiona mabati tu. Vumbi liliingia mpaka kwenye meno. Na muda wote ule hukunyamaza, ulikuwa unamuuliza kwa Kisukuma rangi za ng'ombe wa kwao, mmoja mmoja, ili asilale. Akifikia mwisho unamwambia, "Umemruka mmoja, anza tena." Daktari alisema angechelewa kidogo tungemshusha maiti. Mwaka uliofuata alikuja Ngokolo kwa magongo, amebeba jogoo, akakushukuru, "Wabeja, baba."

Kwa hiyo najua ninachokuomba. Sikuombi uache chombo cha kwendea sokoni. Nakuomba uache kitu kilichokufanya uwe mtu ambaye watu wanakimbilia kumwita.

Lakini mama alinipigia, baba. Alinong'ona kutoka jikoni ili usimsikie. Alinieleza habari ya muuza maziwa, namna alivyokuwa anakuja na baiskeli na madumu yake, ukamparamia gurudumu la nyuma. Maziwa yakamwagika barabara nzima, na yeye akaangukia bega. Uliwaambia watu katokea juani. Mama anasema jua lilikuwa mgongoni kwenu.

Halafu akanieleza mnavyokwenda siku hizi. Wewe unaendesha kwa masikio, na macho ni yake. "Tuta, Baba Kabula. Kulia kuna ng'ombe. Polepole. Simama, simama, watoto!" Mama yangu, ambaye hajashika usukani tangu azaliwe, leo anaendesha kwa mdomo. Alicheka akinisimulia, halafu nikasikia anapenga kamasi. Akasema, "Siku nitakayopaliwa na mate, Kabula, tutaua mtu." Tangu siku ile silali vizuri. Nikiwa kazini, nimeshika sahani ya mtu, nawaza watoto wa Ngokolo wanaotoka shule wakikimbizana.

Daktari alikuambia, na mama alikuwepo, kwamba kisukari kimekula nyuma ya jicho na kilicholiwa hakirudi. Shangazi anasema ni mkono wa mtu. Namheshimu dada yako, lakini hakuna mkono wa mtu hapa. Hakuna aliyekuroga na hakuna wa kumlipizia. Laiti ungekuwa uchawi, tungejua pa kuupeleka.

Masanja alitaka kumaliza jambo hili kwa ujanja. Alinipigia akasema atachomoa waya wa pampu ya mafuta, akuambie imekufa na kipuri kinangojewa kutoka Dar. Nilimcheka kwanza. Ungelala chini ya gari asubuhi moja tu na ungeupata ule waya kwa vidole. Lakini nilimkataza kwa sababu nyingine, na sijawahi kuwaambia.

Kwenye nyumba hii ninamotunzia wazee kuna mzee mmoja, wa umri wako, aliyependa magari kama wewe. Macho yalipomwisha, watoto wake walimwambia gari liko kwa fundi. Walikuwa wameshaliuza. Kila asubuhi nikimvisha soksi ananiuliza, "Fundi kamaliza?" Nami nimeelekezwa kujibu, "Bado kidogo." Anaomba koti, anakaa dirishani. Likipita gari lolote anainuka nusu, anasikiliza, anakaa tena. Baba, nimemdanganya mtu mzima kila siku tangu nianze kazi hapa, na nalipwa kwa hilo. Nikirudi chumbani nakuona wewe kwenye kile kiti. Sitaki ukae Ngokolo unamngoja fundi asiyekuja. Bora unichukie ukiwa unajua.

Nami si kwamba naongea nikiwa nimeshiba. Huku siendeshi. Leseni yangu ya nyumbani imekwisha nguvu, wanataka nianze upya, masomo na mtihani na gharama, basi napanda basi. Nakaa nyuma ya dereva, na likipanda mlima najikuta mguu wangu wa kushoto unakanyaga klachi isiyokuwepo. Abiria wenzangu wananitazama. Ninachokuomba nakionja kidogo kila siku, na ni kichungu, sikufichi.

Sisemi Fisi auzwe. Masanja akiwa nyumbani amwendeshe, wewe ukae kiti cha pembeni umtukane gia zake mpaka Ibadakuli na kurudi. Kama ana mguu wa tope, umfundishe. Ulinifundisha mimi bila kutazama mishale, naye utaweza kumfundisha bila kutazama barabara.

Nisalimie Masanja na mkewe, uwaambie mtoto wao nimemfumia sweta, ingawa najua huko atalivaa siku moja tu ya Juni. Msalimie shangazi, asiniwekee kinyongo kwa nililosema. Msalimie na muuza maziwa, umpe pole ya bega kutoka kwangu. Majirani wote wa Ngokolo wanaoniuliza, waambie Kabula yupo, anakula, anafanya kazi.

Na wewe mama, shikamoo. Hapa mbele usiruke neno hata moja.

Baba, barua hii nimekuandikia wewe. Kama umeisoma mwenyewe, kwa macho yako, tangu shikamoo ya kwanza mpaka mstari huu, basi mimi mwongo, daktari mwongo, na mama aliona vibaya jua lilikuwa wapi. Nisamehe. Washa Fisi uende Kharumwa, ukawasalimie wote.

Lakini kama sauti unayoisikia sasa hivi ni ya mama, na kama ni yeye aliyekusomea yote haya, basi usimjibu kitu, na mimi usinijibu. Ingiza mkono mfukoni, utoe ufunguo, umwekee kiganjani.

Ni mimi mwanao wa kwanza, ninayekupenda kuliko ninavyoweza kuandika,

Kabula.