Unga Juu ya Mkono

Shikamoo mama,

Jua la Songea halina mzaha na ngozi yetu ya ualbino, na losheni yangu imeisha. Leo nimeingia duka moja la dawa hapa Lizaboni kutafuta isiyo na mafuta mengi, maana ile ya zamani ilinifanya ning'ae kama andazi. Mama muuzaji ana kipimo chake: anakupaka mgongo wa mkono, ananyunyiza unga wa sembe, kisha anapuliza. Losheni mbili za kwanza unga ulinata. Ya tatu, ukapeperuka wote.

"Hii ndiyo aliyochukua pacha wako asubuhi," akasema. "Mnafanana mpaka sauti. Si wewe Doto? Alisema utapita."

Nikamuuliza kama naye alimpima.

"Nilimnyunyizia. Unga ukaanguka mezani kana kwamba hapakuwa na mkono."

Losheni ni nyepesi kweli, mama, hainati. Nimenunua chupa mbili. Jikinge vizuri na baridi ya huko. Nikirudi tutaiweka moja kaburini kwa Kulwa. Inaelekea huko aliko bado jua linamchoma.

Mwanao,
Doto