Maini ya Baba Neema

Jumatatu, 5 Mei

Yai la kuchemsha, la nane tangu nianze. Karanga kiganja kimoja. Mvi zipo palepale. Nimehesabu upande wa kushoto tu, wa kulia sina moyo. Juzi binti aliyeleta sketi nimpunguzie kiuno aliniamkia shikamoo babu. Nina miaka arobaini na tisa! Mwisho wa Juni tunabariki miaka ishirini na mitano ya ndoa, kanisani kwao Mama Neema, Iringa. Sitaki kwenye picha nionekane baba yake. Orodha ya vyakula vya kuzuia mvi nimeikata gazetini, nimeibandika juu ya cherehani: maini, mayai, dagaa usipa, mboga za majani, maharage. Wameandika "huenda vikasaidia". Hiyo "huenda" nimeifunika na kipande cha kitambaa.

Jumamosi, 10 Mei

Nimeenda Mbalizi kufuata maini. Nusu kilo. Mama Neema kayakaanga na vitunguu, kaniwekea yote. Ndivyo tulivyokuta: maini na firigisi ni vya baba wa nyumba. Yeye kala ugali na majani ya figiri, kashushia chai ya rangi. Kanitania kwamba kichwa changu kinalishwa kuliko ng'ombe wa maziwa. Nikacheka. Nikafuta sahani kwa tonge la mwisho.

Jumatano, 14 Mei

Mama Neema kapumzika mara tatu akipanda kutoka bombani. Siku zote huwa ananisubiri mimi huko juu. Anasema ni baridi tu. Viganja vyake vyeupe. Sijapenda.

Yai la leo nimekula hata hivyo.

Ijumaa, 16 Mei

Kaanguka jikoni. Mwiko mkononi. Bajaji mpaka kituo cha afya, nimemshikilia njia nzima. Naogopa.

Damu imepungua sana. Ikishuka tena ataongezewa, na safari ya Iringa tusiiongelee kwanza. Wamempa vidonge. Chai asinywe pamoja na chakula. Kisha nesi akaniandikia vya kumlisha: maini, usipa, maharage, mboga za majani, mayai. Nikasoma mara mbili. Orodha yangu ya juu ya cherehani.

Akauliza nani nyumbani anakula maini.

"Mimi," nikasema. Akanitazama kichwani. "Kwa ajili ya mvi."

Hakucheka. Alisema mvi, mara nyingi, mtu anarithi tu kwa wazazi wake. Na damu haikuisha wiki hizi mbili, ni jambo la muda mrefu. Nikapiga hesabu. Miaka ishirini na mitano ya maini.

Jumapili, 18 Mei

Nimepika mwenyewe. Yameungua pembeni. Nikamwekea yote. Akanisogezea sahani, eti hajazoea, eti mama yake akisikia itakuwaje.

"Kula, mama," nikamwambia. "Hiki kichwa kimeshashiba."

Alikula ameupa mlango mgongo, kama mwizi. Nikatoka nje kutafuta kuni. Kuni zilikuwepo ndani.

Jumanne, 10 Juni

Wamempima tena. Damu imepanda. Safari ruksa. Asante Mungu. Asante nesi. Asante hata muuza maini wa Mbalizi, anayedhani nimefungua hoteli. Jioni Mama Neema kanipita kwenye kile kilima cha bombani, ndoo kichwani, wala hakugeuka. Sijawahi kufurahi hivi kuachwa nyuma.

Mvi zimeongezeka. Za kulia nimezihesabu pia.

Jumapili, 29 Juni

Tumebarikiwa. Suti nimeishona mwenyewe, bega moja limepanda juu. Hakuna aliyesema.

Nyumbani kwao walichinja majogoo wawili. Mama mkwe kapakua kwa mkono wake, kaniletea sahani kwa heshima zote, firigisi juu kabisa. Nikashukuru. Nikaihamishia kwenye sahani ya Mama Neema. Watu wakaacha kutafuna. Mama Neema akamwangalia mama yake, akaila. Safari hii hakumpa mtu mgongo.

Mama mkwe akarudi kwenye sufuria. Ilibaki firigisi ya pili, ya shemeji yangu mkubwa. Aliishika kwenye upawa muda mrefu, mama wa miaka sabini na zaidi.

Kisha akaiweka kwenye sahani yake mwenyewe, akakaa, akala.